Daftari la Usharika na Fomu ya Bima: Kumhakiki Süssmilch kutoka Akheri

Makala haya yanakusudia kukihakiki kitabu cha zamani kwa sababu ya swali jipya. Kitabu kiliandikwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Peter Süssmilch, kikatolewa Berlin mwaka 1741, na jina lake kwa lugha yetu laweza kufasiriwa kuwa "Utaratibu wa Mungu katika Mabadiliko ya Jamii ya Wanadamu". Swali lililetwa ofisini kwangu na mwalimu wa shule ya msingi na mumewe, wakiwa na fomu ya bima ya maisha mkononi.

Mwalimu huyu ametoka Kanda ya Ziwa. Mumewe ni mzaliwa wa hapa Akheri. Mtoto wao wa pili ana ugonjwa wa seli mundu. Mama alikuwa ameomba mkopo wa kumalizia nyumba, na kwa kiasi alichoomba alitakiwa akate bima, ili akifa kabla ya kumaliza deni, deni lisiwaangukie wafiwa. Fomu ilimwuliza kama wazazi wake wako hai, na kama sivyo, walikufa wakiwa na umri gani na kwa ugonjwa gani. Ilimwuliza kama katika ukoo kuna maradhi ya kurithi. Mwishoni ilimtaka atie sahihi kwamba hakuficha lolote, naye akijua kwamba jibu la uongo laweza kuubatilisha mkataba wote siku watoto watakapouhitaji. Mama aliuliza: "Mchungaji, mimi si mgonjwa. Nikiandika ndiyo, nitakuwa nimejishitaki. Nikiandika hapana, nitakuwa nimesema uongo. Niandike nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilipoanza kulitafuta nilikuta kwamba fomu hiyo, ukiifuata nyuma hadi chimbuko lake, inakufikisha kwenye daftari la ubatizo na mazishi la usharika wa Kilutheri. Jambo hili latuhusu sisi wachungaji kuliko tunavyodhani.

Mwishoni mwa karne ya 17, katika mji wa Breslau (leo Wrocław, nchini Poland), mchungaji Caspar Neumann alikusanya hesabu za waliozaliwa na waliokufa, kutoka katika madaftari ya makanisa ya mji, kwa miaka mitano, 1687 hadi 1691. Kusudi lake lilikuwa la kichungaji. Watu wa wakati ule waliogopa miaka fulani ya umri, ile inayogawanyika kwa saba au kwa tisa, na zaidi ya yote mwaka wa 49 na wa 63, wakiamini kwamba ndiyo miaka ya kufa. Neumann aliyafungua madaftari akaona kwamba mauti hayajali saba wala tisa. Hesabu zake zilifika London, na mwaka 1693 mwanafalaki Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia huitwa kwa jina lake, akazitumia kutengeneza jedwali la umri wa kuishi. Katika jedwali hilo, kati ya watoto 1,000 walio katika mwaka wao wa kwanza, 598 hufikia miaka 20, na 242 tu hufikia 60. Halley akaonyesha pia jinsi bei ya malipo ya maisha inavyopaswa kutofautiana kwa kufuata umri wa mnunuzi. Hapo ndipo biashara ya bima ilipopata hesabu yake. Mchungaji alihesabu wafu ili awatoe walio hai katika hofu ya namba. Wengine wakaichukua hesabu ile ile na kupanga bei.

Süssmilch alifuata njia ya Neumann, lakini kwa shamba kubwa zaidi na kwa kusudi jingine. Alikuwa mchungaji wa jeshi la Prussia kitabu kilipotoka, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Petro mjini Berlin. Alikusanya hesabu za sharika za mijini na vijijini, akazijumlisha, na akaona jambo lililomshangaza: mambo yanayoonekana kuwa ya ovyo katika nyumba moja huwa na mpango yakitazamwa katika maelfu. Kwa kila wasichana 20 huzaliwa wavulana 21. Wavulana hufa zaidi utotoni, hata wanapofika umri wa kuoa idadi hukaribiana. Süssmilch aliona hapa mkono wa Mungu unaowapa kila mume mke mmoja, na kila mke mume mmoja. (Msomaji wa Kimeru atatabasamu. Wazee wetu waliooa wake wengi wangemjibu kwamba hesabu ya wavulana na wasichana si sheria ya ndoa. Mmisionari aliyetaka kuitumia hoja hiyo angehitaji hoja nyingine pembeni yake.)

Kama kazi ya uchunguzi, kitabu hiki chastahili heshima. Süssmilch ni mwangalifu, hazipendelei namba zinazomfurahisha, na anajua kwamba daftari lililoandikwa na mchungaji mvivu huharibu jedwali zima. Kila mwanafunzi wa theolojia anayelalamika kupangiwa zamu ya kuandika daftari la usharika angefaa kulikumbuka hilo. Jedwali lake la vifo liliendelea kutumiwa na watu wa bima wa Ujerumani hadi ndani ya karne ya 19.

Kama kazi ya theolojia, kitabu kina kasoro ambayo Mlutheri hana budi kuitaja kwa jina. Mwaka 1518, kule Heidelberg, Luther alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Ya kwanza hutazama mambo yaonekanayo, hasa yale yenye nguvu na mpango, na kutoka hapo hudai kumjua Mungu na mapenzi yake. Ya pili humtafuta Mungu pale alipojificha, katika udhaifu na mateso. Süssmilch, kwa nia njema kabisa, ni mwanatheolojia wa utukufu mwenye kalamu na daftari. Akiona kwamba sehemu kubwa ya watoto hufa kabla ya miaka kumi, na kwamba sehemu hiyo haibadiliki sana kutoka mwaka hadi mwaka, yeye husifu utaratibu. Lakini yale aliyoyaita utaratibu yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ndui, maji machafu na njaa. Tangu siku zake utaratibu huo umevunjwa kwa chanjo na mifereji, wala hakuna Mkristo anayesema kwamba tumeyavunja mapenzi ya Mungu. Jedwali la vifo hueleza jinsi watu walivyokufa mahali fulani katika miaka fulani. Halina uwezo wa kusema walipaswa kufa hivyo.

Yako makosa mawili ambayo mtu aweza kuyafanya kwa jedwali. La kwanza ni hili la Süssmilch, kulifanya jedwali kuwa sauti ya Mungu. La pili yeye hakulifanya, nalo ndilo la siku zetu: kulishusha jedwali kutoka kwa wengi hadi kwa mmoja. Süssmilch alikiri kwamba utaratibu wake hauonekani katika nyumba moja. Ukinitajia wanaume 1,000 wa umri wangu, jedwali laweza kukadiria ni wangapi watazikwa mwaka huu; ni yupi kati yetu, halijui. Kule kutojua kulikuwa ndiyo nguzo ya bima. Tulichanga pamoja kwa kuwa hakuna aliyejua zamu yake.

Kipimo cha vinasaba kinaahidi kuiondoa nguzo hiyo, na ahadi yenyewe yafaa ihakikiwe kabla ya kuogopwa. Yapo maradhi machache ambayo kipimo husema jambo zito kweli. Mwenye kinasaba cha ugonjwa wa Huntington, kikiwa katika kiwango kamili, ataugua akiishi muda wa kutosha. Lakini maradhi mengi yanayoua watu wa Akheri, yaani shinikizo la damu, kisukari, saratani na ajali za pikipiki kwenye barabara ya Moshi, hayasomeki hivyo katika damu. Yana sehemu ya urithi, sehemu ya chakula, sehemu ya kazi, na sehemu kubwa ya kama zahanati ilikuwa na dawa siku ile.

Seli mundu yatufundisha zaidi, kwa kuwa ni ya kwetu. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Mtoto huugua akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama pia. Aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji: kwa kawaida haugui, huishi kama wengine, na hujigundua mara nyingi siku mtoto wake anapopimwa. Tena, mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kutokana na uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kwamba mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kinasaba hiki kilienea katika nchi zenye mbu kwa sababu kiliwaokoa watoto. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani zilikuwako kampuni zilizowatoza wabebaji, karibu wote wakiwa watu weusi, ada ya bima kubwa kuliko wengine. Neno "seli mundu" lilionekana katika cheti, na aliyesoma cheti hakutofautisha mgonjwa na mbebaji. Jedwali halikuwa na hatia hapo, kwa maana hakuna jedwali lililosema hivyo. Jirani alifasiriwa kwa ubaya, na tendo hilo Katekisimo Ndogo yatufundisha kuliweka chini ya amri ya nane.

Hapa sina budi kuwatendea haki watu wa bima, maana mahubiri mengi juu yao ni ya haraka mno. Hoja yao ni hii: ikiwa mwombaji anajua hatari yake na kampuni haiijui, walio katika hatari watakuja kwa wingi, wenye afya watabaki nyumbani, ada itapanda, na wenye afya waliosalia watatoka pia. Hoja hii si ya kubuni. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, ukieleza kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, na ukaelekeza watoto waandikishwe kupitia shule. Wazazi walilia, na kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini hata sharikani kwetu nawajua watu waliokata kadi wiki ile ile daktari alipotaja upasuaji. Hatuwezi kuilaumu hesabu kwa kusema ukweli juu yetu.

Dawa ya hoja hiyo ilipatikana mapema, tena na wachungaji. Mwaka 1744 Kanisa la Scotland (ndugu zetu wa Presbiteri, tuwape sifa yao) lilipata sheria ya kuanzisha mfuko wa wajane na yatima wa wachungaji. Robert Wallace na Alexander Webster, wote wawili wachungaji, walipiga hesabu: kati ya wachungaji 930 wanaohudumu, 27 hufa kila mwaka kwa wastani, na 18 kati yao huacha wajane. Mfuko ukajengwa juu ya hesabu hiyo. Haukuhitaji kumpima mchungaji mapafu, kwa kuwa kila aliyeingia katika huduma alipaswa kujiunga, mnene na mwembamba, mzima na mkohozi. Wote wakiingia, hakuna anayekuja kwa ujanja, na hakuna sababu ya kumchungulia mtu damu. Jedwali lilibaki mahali pake, juu ya wengi, na mjane mmoja mmoja alilipwa pasipo kuulizwa mumewe alirithi nini.

Nchi kadhaa zimejaribu kuweka mipaka kwa sheria au mapatano. Uingereza, tangu mwaka 2001, kampuni za bima zimekubaliana na serikali kutotumia matokeo ya vipimo vya kutabiri vya vinasaba, isipokuwa Huntington kwa bima ya maisha inayozidi pauni 500,000. Canada ilitunga sheria mwaka 2017, na Mahakama yake Kuu ya juu ikaithibitisha mwaka 2020. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 huwalinda watu katika bima ya afya na kazini, lakini bima ya maisha imeachwa nje, na hilo ni pengo kubwa. Kwetu, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 imeweka usimamizi wa huduma hizi chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sitaendelea na sheria, kwa maana si fani yangu, na swali la mwalimu lilihusu dhamiri.

Kabla ya kulijibu, tuikumbuke Virusi vya UKIMWI. Katika miaka ya 1990 kipimo cha damu kilikuwa mlango wa bima ya maisha katika Afrika Mashariki, na aliyeonekana na virusi alirudishwa nyumbani. Kwa jedwali la wakati ule uamuzi huo ulieleweka. Kisha mwaka 2004 nchi yetu ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi kwa mpango wa taifa, na jedwali likawa karatasi ya zamani. Namjua mtu aliyekataliwa bima mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Leo ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyeshika kamba ya jeneza tulipomzika wakala aliyemletea barua ya kukataliwa. Mfalme Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake, akaongezewa miaka kumi na mitano. Nabii alirudi kabla hajavuka ua. Sisemi kwamba tusitabiri. Nasema utabiri huzeeka, na aliyeandikwa kwa wino wa utabiri huendelea kuubeba baada ya utabiri wenyewe kufa.

Wala tusijifanye kwamba dhambi hii ni ya kampuni pekee. Katika miaka ile ile wachungaji wengi wa nchi hizi, wa madhehebu mbalimbali, walidai cheti cha damu kabla ya kutangaza ndoa. Nia ilikuwa kulinda. Lakini nani asiyejua jinsi tangazo lililokatizwa ghafla Jumapili ya pili lilivyosomwa na usharika mzima? Tulikuwa tukipima hatari na kukataa waombaji, bila hata kuwa na jedwali. Sasa nasikia pendekezo kwamba vijana wote wapimwe seli mundu kabla ya ndoa na matokeo yaletwe kwa mchungaji. Vijana wajue hali zao, naam, nami nawahimiza waende hospitali. Matokeo yabaki kwao. Daudi alipowahesabu watu, aliyekuwa na wasiwasi wa kwanza ni Yoabu, mtu wa vita, aliyejua hesabu hutakiwa kwa kazi gani.

Zaburi ya 90 humwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu. Katika ibada za mazishi tumeizoea mno hata hatusikii ni nani anayehesabu. Ni mwenye siku mwenyewe, mbele za Mungu, ili apate moyo wa hekima. Luther katika hotuba yake ya mwaka 1519 juu ya kujiandaa kufa huanza na mambo ya kawaida kabisa, yaani mtu agawe mali yake vizuri ili jamaa wasigombane. Kukata bima kwaweza kuwa sehemu ya maandalizi hayo, na kwa mama mwenye watoto wawili na nyumba isiyo na bati ni tendo la upendo. Hesabu hiyo haimpi mtu mwingine ruhusa ya kumhesabia siku zake pasipo kumtazama uso.

Hapa Akheri twalala karibu na makaburi ya Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig waliouawa Oktoba 1896, vijana wa miaka ishirini na kitu, wenye afya. Mwenye jedwali la wakati ule angewapa miaka mingi. Na wale Wameru waliokufa katika vita vya kulipiza kisasi baada yao, hakuna daftari lililowaandika kwa jina. Hilo nalo Süssmilch asingeliona, kwa maana utaratibu wake hujengwa na walioandikwa tu.

Basi nilimjibu mwalimu hivi. Andika ukweli, lakini uandike wote. Usiandike "ndiyo" tupu katika kisanduku kidogo. Andika kwamba mtoto wako ana seli mundu, kwamba wewe ni mbebaji, kwamba mbebaji si mgonjwa, na uambatanishe barua ya daktari isemayo hivyo. Juu ya baba mkwe, ambaye mumewe alitaka tumtafutie mwaka wa kuzaliwa kwa ajili ya fomu yake mwenyewe, familia ilijua tu kwamba alizaliwa mwaka watu walipofukuzwa Ngarenanyuki, yaani 1951. Daftari la ubatizo lilithibitisha. Nilimwonyesha mstari ule mmoja, nikafunika mingine kwa karatasi.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Mume hakuhitaji kuijaza fomu yake hata kidogo: mwajiri wake amewakatia wafanyakazi wote bima ya kikundi, na hakuna aliyeulizwa kitu. Yeye pia ni mbebaji, kama mkewe. Mke amekubaliwa, lakini kwa ada ya juu zaidi, na barua haikutaja sababu. Tumemwandikia meneja kuomba maelezo, barua ya daktari ikiwa ndani tena, na nakala tumeitayarisha kwa ajili ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hadi makala haya yanapelekwa kwa mhariri, hatujajibiwa.